Nilifunga taa Kimumu ya kunijulisha kama mama amepika chai Moiben

Wakuu, natumai mmeshinda salama. Mimi huwa napita hapa kuuliza maswali tu, lakini leo nimekuja na stori yangu. Yote ni kweli, hata pale nitaonekana mjinga. Hasa hapo.

Nakaa Kimumu, hapa Eldoret, peke yangu. Kazi yangu ni kuuza vifaa vya stima town, na ugonjwa wangu ni smart home. Wenzangu jioni wanaangalia mpira, mimi nafungua plug kuona ndani kuna nini.

Pazia langu linafunguliwa na motor ya wiper niliyoitoa kwa gari kuukuu. Tanki inanitumia message maji yakipungua.

Na nina mbwa ambaye hayuko. Nimeweka sensor kwa geti, mtu akiisukuma, spika iliyo nyuma ya nyumba inabweka. Jirani mmoja aliwahi kuniletea mfuko wa mifupa ya kumlisha huyo mbwa. Nilishindwa kumwambia ukweli, nikashukuru, nikapika supu.

Sasa tuje kwa stori yenyewe.

Mama yangu anaishi Moiben, peke yake tangu baba afariki, pamoja na ng'ombe mmoja anaitwa Daisy. Miguu yake si ile ya zamani. Simu haipendi kabisa, anaiacha kwa charger na kwenda zake shambani.

Dada yangu mkubwa, Jepkosgei, alikuwa amechoka kuishi na hiyo wasiwasi. Tukakubaliana kwamba siku mama atapatwa na shida akiwa peke yake, hata kuanguka tu, Daisy anauzwa na mama anakuja kukaa kwangu. Mama alikuwa amekaa hapo hapo tukiongea. Alitoka nje, akaenda kusimama na ng'ombe wake.

Ile kitu iliniuma. Nikajiambia nitatumia akili yangu yote mama abaki kwake.

Nikanunua kettle ya stima, nikaiunganisha na smart plug, nikamwekea router ndogo ya laini. Mama akiwasha kettle Moiben, plug inaona stima imevutwa, na taa ndogo ya manjano inawaka kando ya kitanda changu Kimumu. Stima ikipotea kwake, taa inageuka bluu, ili nisije nikapanic bure.

Nilipompelekea nilimwambia, "Mama, asubuhi tumia hii."

Akaigeuzageuza, akaangalia ndani. "Sawa. Asante, Kiprop."

Basi. Kila asubuhi taa ikawa inawaka. Nikiiona najua mama ameamka, chai iko tayari, nageuka upande wa pili nalala tena kidogo. Wakuu, kuna raha pesa haiwezi kununua, na yangu ilikuwa hiyo taa. Niliringa nayo kazini mpaka wakaniomba nipumzike.

Halafu siku moja haikuwaka.

Si bluu, si manjano. Stima kwake iko, router iko, plug iko, lakini hakuna mtu amegusa kettle. Nikangoja. Nikaoga nikirudi kuangalia. Nikapiga simu, ikalia mpaka ikakatika.

Hapo nikafanya kosa la kumwambia Jepkosgei.

"Si nilisema?" akaniambia. "Enda umlete. Mimi natafuta mtu wa kununua ng'ombe sasa hivi."

Nilifunga safari ya Moiben nikiwa na shati ndani nje. Niliogopa, sitaficha. Niliomba maombi ambayo sikuwa nimeyagusa tangu Sunday school, na katikati nikawa najilaumu kwa nini nilimwachia mama yangu kettle badala ya mtu.

Nikafika. Mlango wa jikoni uko wazi, kettle baridi, simu kwa charger. Nikaita, kimya. Daisy amesimama nyuma ya nyumba anatafuna, ananiangalia kama mgeni.

Halafu nikasikia kicheko upande wa pili wa ua. Mama alikuwa kwa jirani yake, Mama Chebet, amekaa kwa kiti, kikombe mkononi.

"Kiprop?" akashtuka. "Nani amekufa?"

"Mama, hukuwasha kettle."

"Niwashe ya nini? Daisy nimemkausha, anangoja kuzaa. Hakuna kukamua sasa."

Nikamwambia mimi naongea juu ya chai.

"Chai gani?"

"Ya kettle."

Mama akamwangalia Mama Chebet, halafu akaniangalia kwa huruma. "Kijana yangu, kwani umeniona nikikunywa sturungi lini? Hiyo kitu ni ya maji tu, ukiweka maziwa inaungua. Hiyo ni maji yangu ya kuosha Daisy matiti."

Mama Chebet alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Wakuu, mnaelewa? Nimezaliwa kwa hiyo boma. Chai yetu hupikwa kwa sufuria, maziwa na maji na majani pamoja, juu ya kuni. Mtu mwenye ng'ombe hanywi sturungi, hiyo chai bila maziwa, hata akiwa mgonjwa. Na mimi ndiye nilikuwa nabeba yale maji moto ya kukamua nikiwa mdogo. Miezi yote hiyo nilikuwa namlinda ng'ombe, na sasa maziwa ya chai mama alikuwa anayafuata kwa jirani.

Tukiwa bado tunacheka, simu yangu ikalia. Ni Jepkosgei, na sauti yake inasikika na kila mtu. Mtu wa ng'ombe amepatikana, anakuja.

Mama akaacha kucheka.

"Umekuja kuniangalia," akauliza polepole, "ama umekuja kunihamisha?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Nikamwambia Jepkosgei mbele yake kwamba mama yuko sawa, kettle ilikuwa ya maji ya Daisy, ng'ombe hauzwi, na hata siku mama akianguka, yeye ndiye atasema anataka kukaa wapi.

Dada yangu akasema, "Sawa. Nitamwambia asikuje. Lakini Kiprop, chai ya kettle? Kwetu?"

Mama akanimiminia chai. Nilipokaribia kuimaliza akauliza, "Hiyo taa yako, inaweza kunionyesha wewe pia?"

Nikamwambia hapana, inaonyesha upande mmoja tu.

"Basi mimi najuaje kama umefika nyumbani? Unakaa huko peke yako. Hata mbwa huna."

Wiki hiyo hiyo nikamfungia taa yake jikoni, karibu na rafu ya vikombe, na sensor kwa mlango wangu Kimumu.

Nimejifunza nini? Kabla hujaweka sensor kwa kitu cha mtu, muulize huwa anakitumia kufanya nini. Na ukitaka kumchunga mtu, kubali akuchunge pia.

Daisy alizaa salama, ndama jike. Taa yangu ya asubuhi imerudi, na sasa najua inasema mama anaenda kukamua. Inanitosha.

Nyinyi wenzangu mmewafungia wazazi wenu vitu gani, na wao wanavitumia kwa kazi gani? Mwageni hapo chini. Wa kunicheka pia mnakaribishwa, kazini walishaanza.

Jana nilichelewa kutoka town. Kufungua mlango tu, hata viatu sijavua, simu ikalia. Ni mama, yule asiyependa simu.

"Imewaka," akasema, akakata.