Bibi Niliyemwita Mpishi

Mie shule niliishia darasa la nne, sina ufundi wa kutunga uongo mrefu. Haya yamenifika mwenyewe, hapa hapa London, saa kumi na moja na nusu ya jioni, sina homa wala sijasinzia. Anayetaka kucheka acheke. Mwanangu alicheka, sasa hacheki.

Nilikuwa nimebakisha mwaka mmoja nistaafu. Nikifanya usafi katika jumba moja la makumbusho, silitaji jina, watu wake hawajanikosea kitu. Nikitoka kwangu Kenton kwa treni, na treni ile, nakwambia, unaweza kufia humo na jirani yako asigeuze shingo. Lakini hiyo habari nyingine. Chumba changu kilikuwa cha Wamaori, wale wenyeji wa Nyuzilandi. Katikati imesimama nguzo ya mti iliyochongwa mtu, macho ya kombe za pwani, ulimi nje, uso mzima mistari.

Mlinzi wa chumba alikuwa kijana wa Kimaori, Tama. Mcheshi. Kila siku:

"Anko, umemsalimia babu yangu leo, au umempitishia ufagio tu?"

"Babu yako nimemsalimia tangu Ramadhani, hajajibu."

Mie nikidhani mzaha. Kumbe kwao nguzo ile si sanamu, ni mzee wao khasa. Siku moja walikuja jamaa zake kutoka kwao, mabibi wamevaa nyeusi, majani mabichi kichwani, kidevuni wamechanjwa mistari ya buluu. Walimwita yule mzee kwa sauti, wakamlilia, wakamsimulia habari za nyumbani. Mie nimeegemea ufagio, na machozi yananitoka, sijui ya nini.

Tama akanieleza kwamba kwao mtu akijitambulisha huanza na mlima wake, halafu maji yake, halafu wazee wake, jina lake mwenyewe la mwisho. Baba wa baba yake Tama alikuwa Mwingereza, naye humtaja. "Nchi yetu ni ya watu wawili, Mmaori na Mzungu, Anko," akasema, "na mie ni wote wawili. Nikimficha mmoja nimejikata mguu. Haya, na wewe wako ni nani?"

Nikamjibu jibu langu la siku zote. Bibi yangu mzaa mama ni Bi Salama, Mwarabu wa Maskati.

Sasa nisikilize, hapa ndipo penye aibu yangu. Huyo Bi Salama hakupata kuzaliwa. Bibi yangu alikuwa Mmakonde. Alivushwa mto Ruvuma mgongoni mwa mama yake, akaishia kwetu Pemba kwenye mikarafuu. Uso wake umejaa chale, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, kile kipande cha mti wanachovaa wanawake wao. Yeye ndiye aliyenilea mama alipofariki. Chuoni, tulikosoma Kurani, watoto wakiniimbia, "Bibi yako mtungi, kachorwa kwa msumari." Nami badala ya kuwapiga, nikamchukia yeye.

Nilipoposa, wakwe walikuja kutuangalia, watu wa nasaba zao. Bibi akatoka jikoni na sinia la chai. Mama mkwe akamtazama uso, akaniuliza, "Na huyu nani?"

Nikasema, "Huyo mpishi wetu."

Bibi alisikia. Aliweka sinia, akasema, "Karibuni wageni," akarudi jikoni. Hakunitajia neno hilo mpaka nasafiri. Mwaka wa pili niko huku, nikaletewa barua kwamba amekufa. Mke wangu naye amekufa, hajui. Wanangu niliwapa Bi Salama, nao wakawapa watoto wao.

Basi, jioni ile ya baridi, nje giza, wageni wameshatoka. Nakuta bibi mmoja amekaa chini ya nguzo. Nguo nyeusi, majani kichwani, kidevu cha mistari. Nikajua ni jamaa wa Tama amesahauliwa.

"Mama, tumefunga," nikamwambia.

"Mlima wako upi?" akaniuliza.

Nikacheka. Nikasema kwetu Pemba ni vilima tu.

"Na maji yako?"

Ruvuma ilinifika ulimini, nikaimeza.

"Aliyemzaa mama yako ni nani?"

Sasa niambie, ni nani angejua? Tuko wawili tu. Ningepungukiwa na nini? Nikasema, "Bi Salama, Mwarabu wa Maskati."

Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonitisha. "Huyo simjui," akasema. "Wako amesimama nyuma yako tangu ulipoingia kazini. Basi, kama humtaki, mie namchukua."

Akainuka, akanishika bega, tukagusana paji na pua, kama wanavyosalimiana wao. Nikavuta pumzi yake. Niamini, ilikuwa harufu ya ugoro na moshi wa kuni, harufu ya bibi yangu. Nikafumbua macho. Uso ulio mbele yangu una chale za Kimakonde na tundu la ndonya. Halafu hapana mtu, paji langu limegota kwenye mti wa nguzo.

Tena ni kituoni ndipo nilipotanabahi kuwa mie na yule bibi tulizungumza Kiswahili.

Asubuhi Tama aliokota majani mabichi chini ya nguzo. "Anko, majani haya huku hayapo," akasema. "Kwetu tunayavaa kwa msiba. Nani kafiwa?" Nikashika ufagio, nikaendelea kufagia.

Baada ya wiki, mjukuu wangu Samira alikuja na karatasi ya shule, achore mti wa ukoo. Kiswahili anakisikia, hujibu Kiingereza. Nikasema leo namtua mzigo huu. Nikamwambia yote, mpishi, sinia, chale. Mtoto akalia. Halafu akashika kalamu, akauliza, "Babu, jina lake nani?"

Nikafungua kinywa. Hamna.

Jina nililolisikia utoto wangu wote, majirani wakilipigia kelele ukutani, halimo. Nimepiga simu Pemba, waliomjua wote wamekwisha. Makaburini hana kibao. Nimerudi kwenye nguzo mara nyingi, nikataja Ruvuma kwa sauti, nikaomba radhi mbele ya watalii. Kimya. Tama hanitanii tena, hunishika mkono tu.

Karatasi ya Samira iko ukutani kwangu. Juu ya mama yangu pana kisanduku kitupu. Alikataa kumwandika Bi Salama, na mtoto yule ana haki.

Nawe unayesoma, kama unaye wako uliyemficha chumba cha nyuma, mtaje leo, kwa sauti, mbele ya watu. Usingoje kuulizwa. Mie niliulizwa mara tatu.