Ukame wa Nkunga

Chuo nilichofundisha pale Tukuyu kilikuwa na kamati ya kushughulikia udanganyifu wa wanafunzi, na mimi nilikaa ndani yake muda wa kutosha kunifanya nisiiheshimu tena kamati yoyote. Tulikutana katika chumba cha mikutano kisicho na dari. Mvua ikianza kupiga bati, na kwetu mvua haiombi ruhusa, mjumbe aliyekuwa anazungumza alibaki anachezesha midomo tu. Sikumbuki kama tuliwahi kupoteza neno la maana kwa namna hiyo.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa hapahapa Rungwe, mnene wa sauti na mvivu wa kusoma. Alifungua kikao kwa sala, akafuatisha chai na maandazi, kisha hotuba ya maadili. Hotuba ilikuwa moja, sisi tuliijua kwa moyo. Siku hizi alikuwa ameiongezea kipande kuhusu akili mnemba, kwamba ndiyo adui mpya wa taaluma na itatuletea wahitimu wasiojua kufikiri. Nilikuwa nikimtazama na kuwaza kwamba kamati yetu ingefaidika na akili ya aina yoyote, hata ya kuazima.

Tulikuwa pia na programu ya kompyuta ya kukagua wizi wa maandishi, ambayo hupaka rangi nyekundu kila sentensi inayofanana na ya mtu mwingine. Kila ripoti ya mwanafunzi ilirudi na ukurasa mmoja umeiva wekundu kuliko kurasa zote: ukurasa wa tamko, ule ambao mwanafunzi anaapa kwamba kazi hii ni yake na hajainakili popote. Bila shaka ulifanana. Chuo chenyewe ndicho kilichowapa wanafunzi wote maneno yale wayanakili. Mwenyekiti aliutazama wekundu huo na kutikisa kichwa kwa uchungu, mwaka baada ya mwaka, na sidhani kama aliwahi kujua anasikitikia nini.

Basi zikaletwa mbele yetu ripoti mbili za utafiti wa mwaka wa mwisho, zote kuhusu wakulima wa migomba wa Nkunga. Moja ilikuwa ya binti niliyemsimamia mwenyewe, mtoto wa mama mjane anayechuma chai hukohuko Nkunga. Nyingine ilikuwa ya kijana wa mjini, mtoto wa mkubwa mmoja ambaye cheo chake chuo kizima kilikitaja kwa kunong'ona, kama watu wanavyotaja ugonjwa. Maswali yalikuwa yaleyale, majibu yaleyale, hata bibi aliyehojiwa alikuwa yuleyule na malalamiko yake yaleyale.

Namna ilivyotokea haikuhitaji upelelezi. Binti hakuwa na kompyuta. Alichapa kazi yake kwenye steshenari moja ya Msasani, hapahapa Tukuyu, na faili likabaki kwenye mashine, kama yanavyobaki mafaili ya wanafunzi wote wasio na kompyuta. Kijana aliingia pale akiwa na haraka, akatoka na utafiti wenye jina lake.

Lakini hakuwa mpumbavu kabisa. Alijua lazima abadilishe kitu ili isionekane ni kazi ileile. Binti alikuwa ameandika kwamba tatizo kubwa la wakulima wa Nkunga ni mvua, kwamba barabara zinageuka tope, magari ya kununua ndizi hayafiki, na mikungu inaivia nyumbani mpaka inapewa nguruwe. Kijana akaifuta mvua, akaweka ukame. Akaandika kwamba kutokana na ukame wa muda mrefu, wakulima wa Nkunga hulazimika kuhama na mifugo yao kutafuta maji.

Nilisimama kuisoma sentensi hiyo mbele ya kamati. Ilibidi nipige kelele, maana mvua ilikuwa inatwanga bati kwa nguvu zote. Mwenyekiti, mzaliwa wa nchi ambayo hata nguo za Jumapili zinakauka Jumatano, alijipangusa makombo ya andazi mdomoni.

"Mwalimu," alisema, "hali ya hewa inabadilika dunia nzima."

Hakuwa anatania. Nilitazama wajumbe wengine, watu wazima wenye shahada zao, na wote walikuwa wanaandika. Sijui walikuwa wanaandika nini.

Nikapendekeza jambo jepesi: twende Nkunga tukawaulize waliohojiwa ni nani aliyekwenda kuwahoji. Nikajibiwa kwamba huo si utaratibu. Kwa hiyo Jumamosi nikaenda peke yangu, nikitembea kipande cha mwisho kwa miguu, viatu mkononi. Yule bibi wa kwenye ripoti nilimkuta jikoni kwake akimenya ndizi.

"Ugonile, mwalimu," alinisalimu, akanisogezea kigoda. Nilipomuuliza kuhusu utafiti alicheka. "Huyo binti? Huyo ni mjukuu wetu. Alikaa hapo ulipokaa wewe, akamenya na mimi, akauliza maswali fijo, mengi kweli, mpaka ndizi zikaiva bado anauliza tu."

"Na kijana mmoja wa mjini hakuja?"

"Mvulana? Aje kwangu kufanya nini, mwe?"

Nilipeleka maneno hayo kwenye kamati. Katibu aliuliza kama bibi ameyatia sahihi na kama yana muhuri wa serikali ya kijiji. Nikasema yana harufu ya moshi wa jikoni, na hiyo peke yake inatosha kuonyesha nilifika. Hata hapo hawakucheka.

Sasa, kwetu mtu akikosa haendi mwenyewe kuomba radhi. Hutanguliza wazee. Wazee huja na kitu mkononi, hukaa, huulizana habari za mashamba na za wagonjwa, mwishowe mmoja anakohoa na kusema kwamba mtoto wetu ametukosesha. Aliyekosewa akishawakaribisha wakakaa, hawezi tena kukataa. Ni desturi nzuri. Imezuia watu wengi kukatana mapanga kwa sababu ya mipaka ya mashamba, na sikuwahi kuidharau mpaka nilipoiona inapanda ngazi za jengo la utawala.

Wazee wa kijana walikuja watatu, na makoti yao, na mkungu wa ndizi uliobebwa na dereva, na jogoo. Waliingia ofisini kwa mwenyekiti, wakakaa, wakauliza habari za mashamba. Jogoo aliwika mara kadhaa tukiwa darasani, nami nikajua kesi imekwisha. Mkono mtupu haulambwi, na ule haukuwa mtupu.

Kikao kilichofuata mwenyekiti alitangaza kwa sauti ya upole kwamba kijana amekiri kupitia wazee wake, ameonyesha kujuta, na chuo ni mzazi. Apewe onyo na aendelee. Halafu akafungua ripoti ya binti kwa ncha ya kidole kana kwamba ina upele.

"Huyu sasa ndiye tatizo," alisema. "Alizembea kutunza kazi yake, na kanuni inamhesabu aliyetoa sawa na aliyechukua. Na mpaka leo hajaleta mtu."

Nilimuuliza alete mtu wa kusema nini, wakati yeye ndiye aliyeibiwa. Akanijibu kwamba hicho ndicho anachokiita kiburi.

Binti alikuwa na mjomba, ndugu mkubwa wa mama yake, na mimi na binti tulikwenda kumwomba aje chuoni. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe lake. "Mwalimu, ndaga kwa kuja," alisema. "Lakini nikivaa koti nikabeba kuku kwenda huko, kijiji kizima kitajua huyu mtoto ni mwizi. Mtu asiyekosa hatumi wazee. Tukienda tumekiri." Alikuwa na haki kabisa. Alikulia desturi ileile na mwenyekiti wetu, na aliielewa vizuri kuliko yeye, kwa sababu hakuwa ametafuta namna ya kuilia wali.

Hukumu ikawa hivi: binti arudie mwaka, isipokuwa kama ataandika barua ya kuomba radhi. Kurudia mwaka ilikuwa ni kumwambia aache. Mama yake alikuwa ameshafika mwisho wa nguvu zake na wote tuliokaa mezani pale tulilijua hilo. Nilipinga. Kwenye kumbukumbu za kikao imeandikwa kwamba wajumbe wote waliafiki.

Aliitwa siku hiyohiyo. Alisimama karibu na mlango, sketi imelowa mpaka magotini, na mwenyekiti akamsukumia karatasi kwenye meza. Ilikuwa barua ya mfano ya kamati, kopi iliyotolewa kopi mpaka maneno yamefifia, yenye nafasi ya jina. *Mimi nakiri kosa langu, najuta kutoka moyoni, naahidi kutorudia.* Wakosaji wote kabla yake walikuwa wameinakili.

"Nakili hiyo kwa mkono wako," alisema mwenyekiti. "Usibadilishe kitu."

Binti aliisoma. Halafu akanigeukia mimi. Aliketi, akaanza kuandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, herufi za mviringo, zile walimu wa msingi wa zamani walizowachapia watoto viboko wazipate. Niliona aibu ya kuwa upande ule wa meza, na nilimchukia mwenyekiti kwa namna alivyokuwa anakoroga chai yake.

Alipomaliza alimpa mwenyekiti kwa mikono miwili, kama alivyolelewa. Mwenyekiti alitazama sahihi, akaridhika, akaiweka kwenye faili. "Unaona?" alisema. "Ulikuwa unajisumbua bure."

Walihitimu wote wawili. Binti alikatwa alama kwa kosa lake. Kijana alipata za juu kidogo kuliko zake, na mtahini mmoja alimsifia kwa kuyaona mabadiliko ya tabianchi mapema.

Muhula uliofuata tulikuwa na mkosaji mwingine, kijana aliyekamatwa na karatasi ndani ya mkono wa shati, akakiri hata kabla hatujamuuliza. Mwenyekiti alimpa barua ya mfano ainakili. Nikaona si ile kopi iliyofifia. Alikuwa ametafuta kwenye faili nakala inayosomeka, akapata ya binti, akaifuta jina kwa wino mweupe, akaitoa kopi. Alisema ameichagua kwa sababu ya mwandiko.

Yule kijana alinakili neno kwa neno kama alivyoagizwa, mpaka chini kabisa. Alipofika mwisho alisita, akainua kichwa, akamtazama mwenyekiti, akaona hana utani, akaandika. Mwenyekiti akapokea, akatazama sahihi, akapitisha karatasi mezani tuweke sahihi zetu. Ilipofika kwangu nikaisoma. Mstari wa mwisho, chini ya majuto yote, ambao haukuwamo kwenye ile kopi iliyofifia, ulisema: *Chanzo: barua ya mfano ya kamati. Mimi sikuiba.*

Nikaweka sahihi yangu, nikampitishia katibu. Wajumbe wote waliafiki.