Bwana Amri wa Akarnai

Huko Akarnai, kijiji cha Athene, mahali ambapo hata mtoto mchanga hunuka moshi wa makaa, hapakuwa na mtu aliyependa kusema "fanya" kama Hegestrato, wala aliyechukia kufanya kama yeye. Baba yake alichoma makaa, babu yake alichoma makaa, na yeye mwenyewe angechoma makaa kwa amani mpaka kufa, kama Wasparta wasingemkamata katika vile vita virefu wakamtia kifungoni kwao. Wengine walirudi kutoka kifungo kile na chawa na homa. Yeye alirudi na maneno.

Kupitia ufa wa ghala alilofungiwa, aliwatazama Wasparta wakifanya mazoezi uwanjani. Neno linatoka kwa mfalme, linashuka kwa mkuu wa kikosi, linashuka tena kwa mkuu wa kundi, huyo anamtupia mkuu wa safu, na kabla hujamaliza kupiga chafya jeshi zima limegeuka. Hegestrato aliyasikia maneno. Miaka ya jasho iliyokuwa nyuma ya maneno hayo hakuiona, kwa kuwa jasho halikuwa kitu alichozoea kukitazama. Akayabeba maneno matupu mpaka kwao akidhani amebeba jeshi.

Alirudi akiwa na ndevu za Kisparta, joho fupi la Kisparta, na sauti ya jogoo aliyekabwa. Kwake hapakuwa tena na kulia wala kushoto. Kulia ni "kwa mkuki", maana ndio mkono unaoushika. Kushoto ni "kwa ngao". Hayo kila mwanajeshi wa Athene aliyajua, lakini hakuna aliyeyatumia kwa mke wake jikoni.

"Lisila! Mkate, mbele!"

"Mkate uko jikoni na miguu unayo," Lisila alimjibu bila kuinua kichwa. "Kama huwezi kutembea, mwambie mkuki wako ukuletee."

Mtumwa wao alijifanya hajui Kigiriki. Punda wao hakuhitaji kujifanya. Debe tupu haliachi kuvuma, na debe hili lilivuma kuanzia alfajiri mpaka majirani wakaliita Bwana Amri, naye, kwa jinsi alivyokuwa, akadhani wanamheshimu.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye hakucheka. Huyo ni Melanopo, mwana wa marehemu kaka yake, aliyelelewa nyumba ile tangu akiwa mdogo. Yatima anayekula mkate wa shayiri wa mtu hana meno ya kumchekea. Basi huyo ndiye aliyekuwa jeshi la Hegestrato. Alisimama uani na mti wa ufagio kama mkuki na kifuniko cha kapu kama ngao, akageuka kwa mkuki, akageuka kwa ngao. Zaidi ya yote alifundishwa mgeuko wa Kisparta, ambao Hegestrato aliutaja kwa sauti ya chini kama watu wanavyotaja jina la mungu. Adui akitokea nyuma, kila mkuu wa safu hugeuka, akapita katikati ya watu wake mwenyewe kuelekea nyuma, na wote humfuata, hata walio hodari wawe ndio wanaomkabili adui. Ni kitu kizuri kwa watu waliokinyonya na maziwa ya mama. Melanopo alikijua mpaka miguu yake ikawa haimuulizi tena. Akichelewa, fimbo ya mzabibu ilimkumbusha kwenye miundi.

"Usifikiri!" Hegestrato alimwambia. "Kufikiri ni kazi yangu. Wewe geuka."

"Ndiyo, ami."

Vita vilipokuja tena, yule mkuu wa kabila lao, anayeitwa taksiarko, ambaye huchaguliwa kwa mikono ya watu na kwa hiyo hupenda sana mikono ya watu, alipita Akarnai akigawa sifa. Akamvisha Hegestrato kilemba cha ukoka: mtu aliyewaona Wasparta kwa macho yake, atuongozee kundi. Akamfanya lokago, mkuu wa kundi la wanakijiji wenzake. Mjinga hakulala kwa furaha. Tayari alikuwa anajiona yeye ndiye taksiarko uchaguzi ujao.

Kambini mambo yalikuwa magumu kwake. Wathene wana neno moja tu la kutii na kushawishika, na wanakushikia hilohilo. Ukitaka mchoma makaa atii, mshawishi.

"Kundi lote, mgeuko wa Kisparta!" alifoka asubuhi moja.

"Kwa nini?" aliuliza Simo, jirani yake, huku anamenya kitunguu.

"Kwa sababu nimeamuru!"

"Hiyo siyo sababu, bwana lokago, hiyo ni kelele. Tukishageuka tunakwenda wapi? Nyumbani? Kama ni nyumbani niko tayari."

Wakacheka mpaka vitunguu vikawatoka puani. Hegestrato akawaita kondoo, akaacha mazoezi kwa kisingizio kwamba kondoo hawafundishiki. Ukweli ni kwamba kufundisha ni kazi, naye alitaka kutiiwa, siyo kufanya kazi. Akamweka Melanopo mstari wa mbele, kichwa cha safu, ili awepo angalau mmoja wa kupendeza macho.

Siku yenyewe ikafika, kwenye uwanda wa Korintho. Mwaguzi alimchinja mbuzi, damu ikaonekana njema, wimbo wa vita ukaimbwa. Mbele yao Wasparta wa kweli walikuwa wanakuja polepole kwa sauti ya filimbi, na hakuna kati yao aliyekuwa anapayuka. Hapo Hegestrato akatupa jicho nyuma, akaona vumbi.

Mtu mwingine yeyote angemtuma mtu akaangalie. Angejua kwamba ni punda wao wenyewe, wamemtoroka mchungaji wao na mizigo ya jibini na vitunguu. Lakini Hegestrato aliona adui nyuma, na siku aliyoingojea maisha yake yote. Akajaza kifua.

"Mgeuko wa Kisparta! Geuka!"

Katika wimbo na filimbi kundi halikushika neno, likatazamana. Hakuna aliyesogea hata unyayo, isipokuwa mmoja. Kule mbele kabisa, hatua chache kutoka kwa mikuki ya Sparta, Melanopo aligeuka. Aligeuka safi, akawapa maadui mgongo, akaanza kuteremka katikati ya safu yake ngao juu, uso umetulia, vilevile kama uani. Waliokuwa nyuma walimwona mtu wao wa mbele anawajia. Safari hii hawakuuliza kwa nini. Wakatimua mbio.

Hegestrato naye akakimbia, na kwa mbio hizo hakungojea amri ya mtu. Baadaye alijigamba kuwa hakuitupa ngao yake. Hakuitupa kwa sababu alikuwa ameifunga kwa fundo la Kisparta ambalo hakujua kulifungua. Watu kadhaa wa Akarnai walibaki uwandani wamekufa, akiwemo ndugu wa Simo.

Walipofika nyumbani watu wakataka kujua nani alikuwa wa kwanza kugeuza mgongo. Uchaguzi ulikuwa karibu. Ikijulikana kwamba ni amri yake iliyovunja safu, hatakuwa taksiarko wala lokago, na ndugu za waliokufa watamburuta mahakamani. Basi mtu huyu, na nashindwa kuandika bila kutema mate, akawatangulia. Alimshitaki Melanopo kwa kuacha nafasi yake vitani. Anayepatikana na hatia hiyo hukatwa na mji kama tawi bovu: haruhusiwi kusema barazani, hekaluni haingii, sokoni hakanyagi.

"Kijana uliyemlea kwa mikono yako!" Lisila alipiga kelele. "Amegeuka kwa sababu wewe ulimwambia ageuke!"

"Nani aliyesikia? Kulikuwa na kelele."

"Nyani haoni kundule. Mungu atakuona."

Hegestrato alimwita Melanopo kando. "Habari ya amri usiitaje mahakamani," alisema. "Nyamaza tu. Hiyo nayo ni amri."

Kijana akasimama wima. "Ndiyo, ami."

Kesi kama hiyo huamuliwa na wanajeshi wenyewe waliokuwa vitani, kwa hiyo kwenye mabenchi walikaa wachoma makaa walewale. Hegestrato alinena, akalia kidogo, akalitaja kaburi la kaka yake. Melanopo alipopewa zamu ya kujitetea alisema, "Sina la kusema," akanyamaza.

Hapo kesi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imebaki kazi ya kukaa chini tu, jambo ambalo hata punda wake aliliweza. Lakini mdomo uliwahi kumponza nani kama yeye? Hegestrato akaendelea. Akasema yeye alitoa amri siku ile kama Msparta, na kama kundi lingekuwa la wanaume, Korintho ingekuwa yao.

"Amri gani hiyo?" Simo aliuliza kutoka benchini. "Mimi nilisikia mtu anabweka tu."

"Amri kuu kuliko zote!"

"Basi tuonyeshe!"

"Tuonyeshe!" mabenchi yakapokea. "Tuonyeshe, Bwana Amri!"

Watu wanamwomba amri! Hilo halijawahi kutokea tangu azaliwe. Akasahau kesi, akasahau uchaguzi na alichokificha. Akajaza kifua, akaitoa amri kwa lafudhi ya Kisparta, neno kwa neno.

"Mgeuko wa Kisparta! Geuka!"

Kwenye jukwaa la mshitakiwa, miguu ya Melanopo ikageuka. Kisigino, bega, mkono ukapanda kuinua ngao ambayo haikuwepo. Akawapa waamuzi mgongo, akashuka ngazi hatua kwa hatua mpaka akakutana na ukuta. Akasimama hapo, akitazama mawe.

Watu waliokuja kucheka hawakucheka.

"Ndivyo alivyogeuka," Simo alisema taratibu. "Nilikuwa nyuma yake. Ndivyo hivyohivyo." Akainuka kumtazama Hegestrato. "Ndugu yangu amelala kule kwa ajili ya kinywa chako, mzee."

Kura zikapigwa. Mpiga mbiu akatangaza kwamba Melanopo, mwana wa Melanthio, hana hatia, na mabenchi yakaanza kunong'ona jina la mwingine wa kushitakiwa. Simo alimfuata kijana pale ukutani, akamshika bega. "Njoo, mwanangu. Kwangu kuna dengu."

Hegestrato aliona jeshi lake lote linaondoka. Akapaza sauti, na safari hii sauti ilimkwaruza.

"Melanopo! Kwa mkuki, nyumbani!"

Miguu ya kijana ilitikisika kidogo. Ikatulia. Akageuza kichwa tu, akamtazama mtu aliyemlea.

"Kwa nini, ami?"

"Kwa sababu nimeamuru!" Hegestrato alifoka. Kijana akamfuata Simo kwenda kula dengu.