Kabeji Inayolala

Baba alibeba mizigo ya watalii Mlima Kenya kwa miaka mingi, na kila aliporudi nyumbani Kiirua alileta hadithi. Mama alizivumilia zote isipokuwa moja, ya kabeji ya mlimani ambayo jioni hufunga majani ikalala, na asubuhi jua likiipiga huamka. Mama alikuwa amelima kabeji maisha yake yote, na hakuna hata moja iliyowahi kumlalia.

"Watu wa mlimani ni waongo sana," alizoea kusema mbele ya wageni, na sisi watoto tukicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Baba aliinamisha kichwa, nami sikulijali hilo.

Katikati ya miaka ya tisini magoti yalianza kumsumbua baba. Akatangaza kwamba Januari hiyo angepanda kwa mara ya mwisho, bila mtalii. Alitaka kumpeleka mama. Nilichukua likizo ofisini Meru nikafuatana nao, eti nibebe sufuria. Ukweli ni kwamba niliogopa wangefika kule juu na kabeji isionekane, na baba ashuke na jina lilelile la mwongo.

Mama alipanda na gambuti zake za shamba. Huku chini kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, lakini tulipotoka msituni tulikuta maua hadi macho yanapoishia: mekundu yaliyosimama wima kama mienge, ya manjano, na meupe makavu yaliyokwaruza kama karatasi ukiyagusa. Mama alisahau ubishi wote. "Kuja uone hii! Na hii nayo!" aliniita, huku akiwalaumu askari wa getini kwa kutukataza kuchuma hata moja. Nilifurahi kama mtoto siku ya kufunga shule. Baba alitangulia polepole.

Asubuhi ya tatu alituita nje ya hema kabla jua halijatoka. Kando ya kijito palikuwa na kitu cha kijani, kikubwa kama sufuria ya harusi, kimejifunga kama ngumi. Mama akakibonyeza kwa kidole gumba, vile anavyopima kabeji sokoni.

"Imefunga vizuri," alisema. "Lakini kufunga si ajabu. Hebu iamke."

Akakaa juu ya jiwe, akajitanda leso. Baba alisimama nyuma yake. Hatimaye jua likavuka ukingo wa bonde, na baada ya muda jani moja likalegea, kisha la pili, polepole mno, mpaka tukaona maji yaliyokuwa ndani, yameganda barafu juu.

Mama aliigusa ile barafu kwa kidole. "Miaka yote hiyo," alisema mwishowe. "Mzee, nisamehe." Na mimi niliomba msamaha, kwa aibu iliyonichoma masikio.

Jumapili, tukiwa tumesharudi nyumbani, baada ya ibada akina mama wa kanisa walikuja kunywa chai. Mama akawasimulia yote, vidole vyake vikifunguka kimoja kimoja kuonyesha majani yalivyoamka. Hakuna aliyemwamini; walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Mzee, si uwaambie!" mama alisihi.

Baba alipuliza chai yake, akanywa, akaweka kikombe chini.

"Watu wa mlimani," alisema, "ni waongo sana."

Safari hii aliyecheka kuliko wote alikuwa mama.