Binti yangu alijifunga mguu kwenye kiti: nilivyotafuta ushauri wa ADHD

Wakuu, habari za wakati huu. Wakubwa zangu, shikamooni.

Haya yamenitokea mwenyewe. Mengine yananiaibisha, lakini sitayaficha.

Mimi ni mwalimu kijana, naishi Chemchem, hapa Tabora mjini. Nina binti wa miaka saba, nitamwita Pendo.

Kosa la Pendo machoni pa watu ni salamu. Kwetu mtoto hupiga goti, husema shikamoo, hungoja marahaba, kisha huulizwa habari za nyumbani na za shule. Pendo huanza vizuri, ila kabla hajaitikiwa ameshafika kwenye banda la kuku.

Likizo moja tulikuwa Goweko kwa mama yangu. Jirani akaniambia mbele ya watu, "Mwalimu, kumbe unafundisha watoto wa wenzako tu?"

Wakacheka. Nami nikacheka, lakini iliniuma.

Niliporudi mjini nikaanza kutafuta ushauri. Shangazi alipendekeza fimbo, nikakataa.

Kwenye group la wazazi la WhatsApp kulikuwa na mtu anayejiita mtaalamu. Hakuwahi kumwona Pendo, lakini aliandika bila kusita: ni ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini, mwondolee michezo, mkalishe kitini saa nzima kila siku, atapona ndani ya wiki tatu.

Nilimwamini kwa sababu hakuonyesha shaka yoyote.

Wiki ya pili nilitoka jikoni nikamkuta Pendo ameinama, anafunga mguu wake kwenye mguu wa kiti kwa kipande cha khanga yangu kuukuu.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Naufunga, mama. Mimi nasikia. Huu ndio hausikii."

Nilipiga magoti kumfungua, fundo likakataa. Akanishika kichwa.

"Pole mama. Nimeukaza sana, eeh?"

Kesho yake nilimpeleka hospitali. Daktari, mama wa makamo, aliniuliza maswali mengi: analala vipi, anasikia vizuri, mwalimu wake anasemaje. Nikamuuliza kama ni ADHD.

"Bado sijui, mama Pendo. Niletee kwanza maelezo ya shule."

Nilitoka nimeudhika. Nilitaka jibu siku ileile.

Tulirudi mara tatu ndipo akathibitisha kuwa ni ADHD kweli. Hakuniahidi muujiza. Alinifundisha kumpa Pendo agizo moja kwa wakati, kumruhusu asome akiwa amesimama, kumsifu papo hapo anapofanya vizuri, na kurudi kliniki tuone kama hayo yanamsaidia.

Nilichojifunza ni hiki: mshauri wa kuaminika huuliza kuhusu mtoto wako kabla ya kukushauri, na haoni aibu kusema hajui. Nami msinichukue kama daktari. Mpelekeni mtoto akaonwe.

Mwezi uliopita tulirudi Goweko. Nilikuwa nimeshamweleza mama yote. Pendo akapiga goti, "Shikamoo bibi," akatoweka. Mama akabaki palepale, hajaitikia, jirani yule akitazama.

Baada ya muda Pendo akarudi, kifaranga mkononi.

"Bibi, uliitikia?"

"Nilikuwa nakungoja. Marahaba, mjukuu wangu."

Wazazi wenzangu wenye watoto kama Pendo, ni nani aliyekuwa wa kwanza kukuuliza habari za mtoto wako kabla ya kukuambia la kufanya? Tuandikieni hapa, wapo wanaotafuta kama nilivyotafuta mimi.