Ndege Mwenye Uso wa Mtu

Atuganile, mjane wa kijijini kwetu nje ya Iyunga, alikuwa na vitu viwili ambavyo watu hawakumsamehe: mbegu nzuri na mdomo. Mahindi yake meupe aliyaning'iniza ghalani, na mvua zikikaribia nusu ya kijiji ilikwenda kumwomba mbegu. Mwaka 1974, tulipokuwa tukila unga wa njano wa msaada, tulimtegemea yeye tu. Aliyemlindia mbegu zisiliwe na panya ni bundi aliyekaa kwenye paa la ghala.

Basi mzee mmoja akafa. Alikuwa akikohoa damu tangu mwaka uliopita, lakini watu wazima na akili zao wakasema ameuawa na ndege. Kalinga, balozi wetu wa nyumba kumi, mtu wa kuitisha mkutano hata mbwa akibweka, akaitisha mkutano.

"Mama, ndege gani ana uso wa mtu?" akauliza. "Kuku anakuangalia kwa ubavu, kwa adabu. Huyu wako anakukazia macho yote mawili. Huyu katumwa!"

Upuuzi mtupu ule ukapigiwa makofi.

"Kuku kila mtu anamtaka," Atuganile akajibu, "ndiyo maana macho yake yamekaa pembeni, aone anayemjia. Bundi anawinda. Macho yote mawili yanamtazama panya mmoja, ajue yuko umbali gani kabla hajamrukia. Paka hivyo hivyo, chui hivyo hivyo. Huamini? Haya balozi, fumba jicho moja, utunge uzi kwenye sindano hii."

Kalinga akajaribu. Uzi ukapita kushoto, ukapita kulia, jasho likamtoka, wanawake wakaangua kicheko. Hapo hakutaka tena kujua lolote, alitaka jiwe. Bundi alipigwa mchana kweupe, akiwa amelala. Mashujaa wetu hao!

Atuganile alilia kama aliyefiwa, nami niliwachukia wote. Panya hawakuchelewa.

Mvua za kwanza zilipoanguka, Kalinga alifika kwake na kikapu, anachekacheka, habari za ndege hakuzigusa.

"Mama, tumefuata ile mbegu yetu."

Yetu! Atuganile aliingia ghalani na kile kikapu, akakijaza magunzi matupu, akamtwika.

"Kapandeni."