Fundi wa Pancha Mwingi Asoma Vizibo vya Kila Mtu, Isipokuwa vya Mkewe

Saa nane mchana, na jua la Mwingi halimwonei mtu huruma. Nzuki Mwendwa amechuchumaa kando ya beseni la maji machafu, anazungusha tyubu ya lori polepole akitafuta mahali povu linapochomoza. Mikono iko kwenye tyubu. Macho hayako huko. Macho yako kwenye meza iliyo chini ya mabati ya hoteli ya mkewe, ambako wanaume wanne wanacheza karata.

"Muli atajitoa sasa hivi," anamnong'oneza mwandishi wa makala haya bila kuinua kichwa. "Angalia, ameshika mnara wake."

Kweli. Muli, dereva wa lori la Garissa na mwenye tyubu hiyo, amepanga vizibo vyake vya soda kimoja juu ya kingine mpaka vinayumba. Anaugusa mnara kwa kidole. Anaugusa tena. Halafu anatupa karata zake kifudifudi na kuagiza chai.

Mchezo ni poka. Uliletwa hapa na dereva mmoja wa Mombasa miaka ya sabini, dereva akaenda zake, mchezo ukabaki. Pesa haziwekwi mezani. Nthenya, mkewe Nzuki, ni mtu wa kanisa, na alisema tangu mwanzo kwamba siku atakapoona shilingi juu ya meza yake, atamwaga chai yote. Kwa hivyo wanaume huwekeana vizibo, na anayeishiwa huwanunulia wenzake mandazi.

Mpaka mwaka huu wa 1989, kwa miaka kumi na minne Nzuki ameziba pancha mbele ya meza hiyo. Tairi la lori ni shilingi ishirini, la gari dogo kumi. Siku nzuri hufikisha mia mbili, siku mbaya hurudi nyumbani na grisi tu. Shamba lake la Kwa Vonza halijatoa mahindi kwa misimu miwili, na binti yake mkubwa, Mbinya, yuko sekondari. Lakini ukimuuliza habari ya pancha atakujibu kwa maneno matatu. Muulize habari ya vizibo, utaomba kiti.

"Mtu hupanga vizibo vile roho yake ilivyo," anasema. "Wa mnara mmoja ni mwoga, anajijengea boma. Huyo akiweka dau kubwa, wewe kimbia, hadanganyi. Sasa ona Musyoka wa bucha. Vizibo vyake vimetapakaa kama mahindi ya kuku. Huyo anaweza kukutisha na hana kitu, na akipigwa anacheka tu. Halafu kuna yule wa kutenga rangi, nyekundu huku, kijani huku. Huyo ana subira. Mtakaa naye mpaka ng'ombe warudi zizini."

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini akili hii ya Nzuki nusura imbomolee nyumba, na hadithi hiyo anaisimulia na hasira yake bado mbichi.

Mwaka juzi alikuja mezani Sugow, mfanyabiashara wa mbuzi na ng'ombe. Nzuki hakumpenda tangu siku ya kwanza, na hafichi.

"Nikudanganye kwa nini? Mimi nina mafuta mpaka masikioni, yeye shati jeupe kila siku. Anachekacheka na watu. Na huyu mama alikuwa anampelekea chai kabla hajaitisha."

"Maziwa ya hiyo chai yanatoka dukani kwa bibi yake," Nthenya anajibu kutoka jikoni. Hakuna aliyemuuliza.

Kilichomkera Nzuki hasa ni kwamba alishindwa kumsoma. Sugow alivipanga vizibo vyake viwiliviwili, vimefungana meno kwa meno. Kimoja alikiweka peke yake upande wa kushoto, kikitazama juu. Akishinda, hivyo hivyo. Akishindwa, hivyo hivyo. Fundi aliyejua madereva wote wa barabara ya Garissa akawa hajui lolote kuhusu mtu mmoja wa mbuzi.

"Nilimtazama miezi na miezi," anasema. "Siku moja niliziba tyubu mahali ambapo haijatoboka."

Kisha ikaja jioni moja ya mwezi wa tatu mwaka huu. Wachezaji walikuwa wameondoka, na Nthenya alikuwa akikusanya vizibo avirudishe kwenye mkebe wa mafuta. Maji yalikuwa hayajachemka, basi akakaa, na mikono yake ikaanza kucheza yenyewe. Viwiliviwili. Meno kwa meno. Kimoja upande wa kushoto, kikitazama juu.

"Nilivijua mara moja," anasema Nzuki. "Wewe fikiria. Jambo la mikono huliibi kwa kuangalia mara moja. Hiyo ni kukaa karibu na mtu, mara nyingi, bila haraka. Nikajiuliza, amekaa naye wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako, akajiambia, na akaanza kuhesabu mambo ambayo hapo awali hayakuwa na hesabu. Kwamba kila Alhamisi Nthenya alikwenda kuchukua maziwa akachelewa kurudi. Kwamba siku hiyo alivaa leso mpya. Kwamba aliporudi alikuwa akiimba.

Sugow alipoleta tairi, Nzuki alimwambia gundi imeisha, na kopo la gundi lilikuwa pale miguuni, limejaa. Nyumbani alimkataza mkewe kwenda kwa hayo maziwa. Nthenya akauliza kwa nini. "Wewe unajua," akamjibu. Nthenya hakujua, akaenda.

Wivu ukamzidi Nzuki. Alhamisi moja, saa tisa, alimwambia mkewe mbele ya wateja afunge nguo zake arudi kwao Kilungu.

"Nikamwambia, sawa, nitaenda," anasema Nthenya, ambaye sasa ametoka jikoni na kusimama mlangoni, mikono ikiwa na unga. "Lakini si leo. Leo ni Alhamisi."

Jibu hilo lilimmaliza Nzuki kabisa. Alimwacha atangulie, akamfuata na spana mkononi, na watu wa stendi wakampisha njia. Hakuwa amepanga atafanya nini. Anasema mpaka leo hajui.

Mbele ya duka la Sahara, mke wa Sugow, alimkuta Sugow mwenyewe amekaa juu ya kreti, amepakata mtoto anayelia.

"Umekuja kwa mkeo?" Sugow alimuuliza. "Kaa basi, fundi. Wakianza hao hawatoki. Mimi mwenyewe nimefukuzwa kwangu."

Upepo ulisukuma pazia la mlango wa ndani. Nzuki akaona mkeka, na wanawake watatu juu yake: Sahara, dada yake Ambiyo, na Nthenya. Karata mikononi. Mbele ya kila mmoja vizibo viwiliviwili, meno kwa meno, na kimoja kushoto.

Sugow ndiye aliyeupeleka mchezo nyumbani, Sahara akaushika akampita, na mtindo ule ni wake Sahara. Alimfundisha mumewe, kisha akamfundisha muuza chai aliyekuja kununua maziwa. Mwandishi alipomfikia dukani, Sahara alieleza huku akipima sukari.

"Kabla ya kushika karata, tenga kimoja ambacho kikienda hutalia," alisema. "Hivyo vingine vifunge, usivitazame. Mtu anayetazama mali yake kila saa hachezi. Huyo ni mlinzi."

Na Nzuki, siku anapopata nafasi ya kucheza, hupanga vipi vya kwake? Sahara alicheka kidogo. "Sugow ameniambia. Yule hapangi. Anavishika vyote mkononi."

Ungedhani wivu uliishia pale penye pazia. Wapi. Nzuki alimzibia Sugow tairi bure, akamwomba radhi, na siku hizi huitana shemeji. Lakini kuna kitu alichokisikia siku ile ambacho bado kinamnyima usingizi.

"Nilimsikia mke wangu akicheka," anasema, na sasa ameacha tyubu. "Si kile kicheko cha hapa hotelini, cha wateja. Kingine. Tumeoana miaka kumi na sita na mimi sikijui. Sugow nilimwonea wivu wa bure, mwanamume mwenzangu, ningepigana naye yakaisha. Lakini huyu Sahara? Nifanye nini naye? Anamjua mke wangu kuliko mimi."

Alimwomba Nthenya acheze naye nyumbani. Alikataa. Akaomba tena baada ya miezi miwili, akakataliwa tena.

"Huyu amesoma kila mtu wa barabara hii," Nthenya anasema. "Nikicheza naye atakaa ananisoma, mikono, macho, kila kitu. Halafu anasema najua wewe ni mtu wa namna gani. Kwa Sahara mimi nacheza tu."

Mwandishi anamuuliza Nzuki mipango yake. Anasema angependa kununua mashine ya upepo, maana kupiga pampu kwa mkono kumemuua mgongo. Anasema Mbinya akimaliza shule mwaka ujao huenda akaweza. Kisha anatazama mlangoni.

"Lakini kwanza nataka huyu mama acheze na mimi. Mara moja tu. Hata akinipiga."

Nthenya anafuta unga kwenye aproni. Wanaume wameondoka, Muli yuko kwenye lori lake akisubiri tyubu, meza iko wazi. "Aweke vizibo vyake mezani," anasema, "vyote, nami nitakaa."

Nzuki ananawa mikono kwenye beseni, anajipangusa kwa suruali, anakwenda mezani. Anachota vizibo vyake kwenye mkebe na kuvimimina juu ya mbao, vyote. Kisha anavifunika kwa kiganja.

Nthenya amevuta kiti, lakini hajakaa.

"Na mkono, Baba Mbinya," anasema. "Toa na mkono."